Ardhi ya Kituoni ni ya Nani? Jumba la Morocco kwa Macho ya Muheza

Katika madarasa ya siasa hapa Muheza kuna swali moja ambalo limekuwa likizuka mara kwa mara, na wanaoliuliza sana ni vijana waliokwisha kufika Dar es Salaam. Wanauliza hivi: jumba kubwa la Morocco Square, kule Kinondoni, ni la Shirika la Nyumba la Taifa, yaani ni mali ya umma, je, hilo si jengo la kijamaa? Wapo wanaojibu ndiyo, kwa kuwa mwenye jengo ni shirika la umma. Wapo wanaojibu hapana, lakini ukiwabana waeleze kwa nini, husema tu kwamba ni zuri mno na lina vioo vingi. Majibu yote mawili ni mepesi. Uzuri wa jengo si dhambi, na hati ya umiliki si itikadi.

Sisi tunakusudia kulitazama jumba hilo kama kada anavyopaswa kulitazama: mahali lilipo, fedha zilikotoka, na watu waliokusudiwa kukaa humo. Lakini hatutaanzia Kinondoni. Tutaanzia hapa, kwa sababu mambo ya ardhi iliyo jirani na kituo Muheza iliyajua miaka 120 kabla Dar es Salaam haijapata basi la mwendokasi.

Wajerumani walianza kuijenga reli ya Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, na hapo kampuni iliyoijenga ikaishiwa nguvu. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikainunua. Chini ya serikali hiyo reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Msomaji aitazame vizuri ile tarehe ya 1899. Mabepari walipopata hasara, hasara ilihamishiwa katika hazina ya dola. Faida haikuhamishwa. Ilibaki kwa wenye mashamba makubwa waliokuwa wamejipatia ardhi kandokando ya njia, chini ya amri ya mwaka 1895 iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya utawala wa Kijerumani. Wabondei waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao humo ndio walioonekana si wenyewe.

Mwaka ule ule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge pwani hii. Mkonge una tabia yake. Jani likipitishwa kwenye korona, katika kila kilo mia za majani hutoka kilo kama nne tu za singa. Kwa hiyo korona lazima iwe shambani, na marobota ya singa lazima yapate njia rahisi ya kufika bandarini. Basi tuchukue ekari mbili za mkonge. Udongo ni mmoja, mvua ni moja, na manamba wanaokata majani wametoka kambi moja. Ekari ya kwanza iko karibu na stesheni. Ya pili iko mwendo wa siku nzima kwa miguu. Jasho lililomwagika juu ya ekari hizo ni lile lile, lakini ya kwanza inagombewa na ya pili haina anayeitaka. Tofauti hiyo imetoka wapi? Haikutoka kwa mwenye shamba, kwani yeye hakutandika taruma hata moja. Imetoka kwa waliotandika reli, wengi wao kwa kushurutishwa, na kwa waliotozwa kodi ili reli hiyo ilipiwe.

Tofauti hiyo tutaiita faida ya mahali. Ni mali iliyotengenezwa na jamii nzima lakini ikadondokea mikononi mwa yule ambaye kwa bahati, kwa mabavu au kwa kupewa siri mapema, yuko jirani na kituo. Engels aliligusa jambo hili mwaka 1872 alipoandika juu ya suala la nyumba. Alieleza kwamba miji mikubwa inapokua, ardhi ya katikati hupata bei ya kupandishwa isiyohusiana na jengo lililo juu yake. Nyumba za wafanyakazi zilizopo hapo hubomolewa, kwa sababu pango la mfanyakazi haliwezi kupita kiwango cha mshahara wake, na mahali pake hujengwa maduka, maghala na majumba ya serikali. Mfanyakazi husukumwa pembezoni. Anayedhani kwamba maneno hayo yanahusu Ulaya tu, na asimame Kariakoo asubuhi moja aangalie.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1958, wakoloni walipotaka kuwapa Waafrika umilikaji wa ardhi usio na mwisho, aliupinga mpango huo, na mwaka 1962 katika maelezo yake ya Ujamaa alisema wazi kwamba mtu ana haki ya kuitumia ardhi, si haki ya kuifanya bidhaa ya kumlisha yeye bila kazi. Mwaka 1963 umilikaji huo wa kikoloni ukafutwa kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inasema kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake.

Hapa ndipo makada wengi wanapolala usingizi. Wanadhani kwamba kwa kuwa ardhi haiuzwi, faida ya mahali imekufa. Haikufa; imebadili nguo tu. Siku hizi huvaa nguo ya bei ya jengo, nguo ya pango la fremu, na nguo ya kilemba anacholipa mfanyabiashara ili aachiwe duka lililo karibu na stendi. Hata katika mji wetu mdogo, muulize mwenye duka kwa nini fremu iliyo kando ya barabara ya Segera–Tanga ina pango kubwa kuliko nyingine ya ukubwa ule ule iliyojificha nyuma. Hatakwambia kwamba matofali yake ni bora.

Sasa twende Kinondoni. Morocco Square imesimama pale Barabara ya Ali Hassan Mwinyi inapokutana na Barabara ya Kawawa na ile ya Mwai Kibaki. Ni minara minne iliyokaa juu ya kitako kimoja cha maduka: miwili ya ofisi, mmoja wa makazi wenye nyumba 100, na mmoja wa hoteli yenye vyumba 81. Gharama yake imetajwa kuwa kiasi cha shilingi bilioni 137. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 2010, ukakwama mwaka 2018 kwa matatizo ya mikopo, na ukaendelea tena baada ya mwaka 2021. Jirani yake ndipo kilipowekwa Kituo Kikuu cha Morocco, mwisho wa tawi moja la mabasi yaendayo haraka. Awamu ya kwanza ya mabasi hayo, kilomita zipatazo 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, ilianza kubeba abiria mwezi Mei 2016. Awamu ya nne, ya kufuata Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, nayo imepangwa kupita hapo hapo. Kwa maneno mengine, katika mji wenye mamilioni ya watu, ni sehemu chache sana zilizopewa na umma faida ya mahali kubwa kama pale Morocco.

Na umma huo ni nani? Barabara za mabasi hayo zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Azimio la Arusha lilikwisha kutuonya mwaka 1967 juu ya mikopo ya namna hii: fedha hutumika mijini, lakini sehemu kubwa ya kuilipa hutoka kwa mkulima, kwa sababu mazao yake ndiyo yanayoleta fedha za kigeni. Azimio likaongeza kwamba tusipoangalia, unyonyaji halisi wa Tanzania utakuwa wa watu wa mijini kuwanyonya wakulima. Uchumi umebadilika tangu wakati huo. Kuna dhahabu, kuna watalii. Hata hivyo kila shilingi ya deni la nchi bado ina sehemu yake inayotoka katika singa za Muheza, katika iliki na pilipili manga za Amani, na katika kodi anayolipa mkulima wa machungwa kila anaponunua sabuni. Mkulima huyo ana hisa katika kituo cha Morocco, hata kama hatashuka hapo maishani mwake. Ana haki ya kuuliza hisa yake imezaa nini.

Imezaa jumba ambalo limekaa mlangoni pa kituo, lakini wakazi wake si watu wa kituo. Hiyo ndiyo tahakiki yetu, na maneno mengine yote ni maelezo yake. Mwenye uwezo wa kununua nyumba katika mnara ule ana gari, pengine mawili, na wachoraji walilijua hilo ndiyo maana jengo likatengewa maegesho. Mwenye kulipia chumba cha hoteli huja kwa teksi. Lakini anayefagia ngazi za mnara, anayelinda lango usiku, binti anayeuza dukani, mpishi wa hoteli, hao ndio waliokuwa wakipanda basi kutoka Kimara na Mbezi, wakisimama safari nzima huku wamebanana. Basi lililojengwa ili kumkaribisha mfanyakazi mjini limemkaribisha mpaka mlangoni, akaingia kufanya kazi, jioni likamrudisha kule kule. Aliye mbali na kituo hulipia nauli. Aliye jirani nacho hana haja ya basi. Ukinzani huo huwezi kuuondoa kwa kuongeza mabasi.

Tuwe waadilifu. Ingekuwa vibaya zaidi kama kiwanja kile kingeangukia kampuni binafsi, na faida yote ikaondoka nchini. Pango la ofisi na maduka ya Morocco linaingia katika shirika la umma, na hesabu za shirika la umma hukaguliwa. Tena kumalizia lile lililokuwa limekwama lilikuwa jambo la lazima, kwa maana zege lililosimama miaka mitatu bila paa ni mtaji uliokufa huku riba ikiendelea kuhesabiwa. Wale wanaotaka kila mradi uliochelewa ubomolewe wanafanya siasa ya hasira. Tunasema tu kwamba nyumba zile 100 ni jambo tofauti na maduka. Maduka hupangishwa, na umma hubaki na mali yake. Nyumba ziliuzwa. Tangu Sheria ya mwaka 2008 iruhusu mtu kumiliki sehemu moja ndani ya jengo la ghorofa, nyumba iliyouzwa imetoka mikononi mwa umma pamoja na faida yake ya mahali. Awamu ya nne itakapokamilika na bei za mahali pale zikapanda tena, kupanda huko kutaingia mfukoni mwa mnunuzi. Hapo historia ya 1899 imegeuzwa kidogo tu: umma umebeba deni, mtu binafsi amebeba ongezeko.

Wapo watakaosema kwamba mji mkubwa hauna njia nyingine, kwamba ardhi ya kituoni ni ghali na ardhi ghali lazima ijengwe vitu ghali. Hoja hiyo inapendwa sana na watu waliosoma, kwa sababu inafanana na hesabu. Lakini historia inaikana. Katika mji wa Vienna, nchini Austria, uko mtaa mmoja wa nyumba uitwao Karl-Marx-Hof. Ulijengwa kati ya mwaka 1927 na 1930 na baraza la mji lililoongozwa na chama cha Kisoshalisti, mbele kabisa ya stesheni ya Heiligenstadt. Urefu wake unapita kilomita moja. Uliwekwa nyumba 1,382, na pamoja nazo sehemu za kufulia nguo, mabafu, shule za watoto wadogo, maktaba, zahanati na maduka; na sehemu kubwa ya kiwanja ikaachwa wazi, iwe bustani na viwanja vya watoto kucheza. Ni ujenzi wa mchanganyiko kama wa Morocco: kulala, kununua, kufanya kazi na kupumzika mahali pamoja, kando ya kituo. Kilichotofautiana ni swali la nani alale humo. Walilala mafundi, makarani na vibarua wa viwandani.

Waliwezaje? Hawakukopa benki. Mwaka 1923 walianzisha kodi maalumu ya nyumba, iliyopanda kwa kadiri ya ufahari: mwenye chumba kimoja alilipa senti, mwenye jumba la kifalme alilipa fungu kubwa. Kwa kuwa gharama ya kujenga ilikwisha kulipwa kwa kodi hiyo, mpangaji alidaiwa pango la kutunza jengo tu, sehemu ndogo sana ya mshahara wake. Na nyumba hizo hawakuziuza. Mpaka leo ni za mji. Mabwanyenye wa Austria walielewa maana ya jengo lile kuliko wanavyoelewa baadhi ya makada wetu, kwani Februari 1934 serikali ya kidikteta ililipiga kwa mizinga. Hakuna anayepoteza risasi za mizinga kwa matofali matupu.

Hatusemi tuinakili Vienna. Kodi kama ile ilitegemea mji uliokwisha kuwa na majumba mengi ya matajiri, na daftari la kila jumba. Lakini huna haja ya kwenda Austria. Panda tawi lile lile la Morocco, rudi nyuma mpaka Magomeni ambako linaachana na njia kuu ya Barabara ya Morogoro. Hapo kulikuwa na kota za zamani, zikabomolewa, na familia 644 zikatawanyika mjini zikapanga kwa watu kwa miaka mingi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua majengo mapya mahali pale pale: nyumba 644, idadi ile ile ya familia, zilizojengwa na Wakala wa Majengo. Waliokuwa wakikaa karibu na barabara wakarudi karibu na barabara, na safari hii walikuta basi la mwendokasi limekwisha fika. Kungoja kule kuliwaumiza, nasi hatulisifu. Lakini hapo kanuni ya Engels ilikataliwa kwa vitendo: mfanyakazi alibomolewa, ila hakusukumwa pembezoni. Kwa hiyo ni njia moja ya mabasi, ni serikali moja, ni chama kimoja, na mwishoni mwa tawi kuna jengo la namna moja na mwanzoni mwake kuna la namna nyingine. Anayesema kwamba hatuna uwezo wa kuchagua anazisahau zile nyumba 644.

Tukiisha kuona hivyo, hatuwezi kuridhika na lawama za juu juu dhidi ya wakubwa wa shirika. Kada mvivu hutafuta mtu. Kada aliyesoma hutafuta mfumo. Shirika la Nyumba lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoa vibanda na kuwajengea makabwela nyumba bora katika vitongoji vya Dar es Salaam na miji mingine. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yakachukuliwa na umma na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Ndivyo Shirika lilivyopata majengo mengi katikati ya miji yetu, pamoja na Tanga. Halafu hali ikageuka. Ruzuku ya serikali ilipungua. Shirika likaambiwa lijiendeshe kibiashara. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti mapango ya nyumba ikafutwa. Mwaka 2008 zikaja sheria za kuuza nyumba moja moja ndani ya ghorofa na za kukopa kwa rehani. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na baadhi ya sababu zilikuwa za kweli. Majengo ya Msajili yalikuwa yakivuja, na wapangaji wengine walikuwa wakidaiwa miaka.

Lakini jumlisha hatua hizo uone zinazaa nini. Shirika lisilopewa ruzuku lazima likope. Benki iliyokopesha inataka fedha yake mapema na riba juu. Nyumba ya kabwela hulipa polepole kwa miaka 30. Nyumba ya tajiri hulipwa hata kabla haijaezekwa. Basi mchoro wa jengo haukuchorwa na mchoraji peke yake. Umechorwa na masharti ya mkopo. Hata ungeweka katika uongozi wa Shirika wajamaa watupu, watoto wa manamba, wakiwa na deni lile na masharti yale wangejenga minara ile ile, labda kwa vioo vichache zaidi.

Watetezi wa mpango huu wana hoja moja inayostahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema faida ya majumba ya matajiri ndiyo itakayojenga nyumba za watu wa kipato cha chini na cha kati, na wanatoa mfano wa mpango wa nyumba 5,000 uliopewa jina la Rais, ambao nyumba zake 560 za mwanzo zilijengwa Kawe. Hatuupingi mpango huo. Tunauliza mambo mawili. Kwanza, hoja ya namna hii huthibitishwa kwa daftari, si kwa hotuba: shilingi ngapi zilizoingia kutoka minara ya Morocco zimetoka kwenda katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi? Shirika la umma linaweza kuchapisha hesabu hiyo kwa ukurasa mmoja kila mwaka, na wanafunzi wetu wangeisoma. Pili, hata daftari likiwa safi, bado kuna suala la mahali. Kumjengea mfanyakazi nyumba ya bei nafuu mbali na kituo, na kumjengea tajiri mlangoni pa kituo, ni kumpa mfanyakazi kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto, kila siku, kwa njia ya nauli na saa za usingizi. Pango nafuu lisilohesabu nauli ni hesabu ya nusu.

Kwa upande mwingine Ubungo inatuonyesha njia ya tatu, nayo si bora. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021, na kiwanja chake, kilicho ubavuni mwa njia ya mwendokasi, kikajengwa kituo kikubwa cha biashara na usafirishaji chenye maduka zaidi ya 2,000 kwa mtaji wa Kichina. Kilifunguliwa Agosti 2025. Hapo hata swali la nani alale halikuulizwa, kwa sababu bidhaa hazihitaji kitanda. Tutalichambua jengo hilo peke yake wakati mwingine. Lina mambo yake ya wafanyabiashara wadogo yanayotaka kurasa zake.

Turudi Muheza, maana tahakiki isiyorudi nyumbani ni umbeya wa mjini. Bandari ya Tanga imechimbwa hadi kina cha mita 13, na meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na shehena zao kuletwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Treni za mizigo zilirudi katika reli ya Tanga mwaka 2019. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyorudi mwezi Desemba mwaka huo, ilipangiwa njia ya mkato iliyojengwa mwaka 1963 kutoka Ruvu, ambayo huingia katika reli yetu upande wa Mnyusi. Haikupitia stesheni ya Muheza. Lakini bandari ikipata mizigo, reli lazima ipate uzito, na reli ikipata uzito, ardhi ya stesheni zake itaamka. Wenye pua kali watakuja mapema. Watakuja na michoro ya rangi, watazungumza juu ya maduka ya kisasa na hoteli, na baadhi yao watakuwa na kadi za Chama mfukoni.

Jambo la kufanya halingoji minara. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitufundisha kwamba kitendo kinachowaongezea watu uwezo wa kuamua mambo yao ni maendeleo, na kile kinachowapunguzia si maendeleo hata kama kinapendeza. Basi kabla kiwanja chochote cha jirani na stesheni au stendi hakijagawiwa, mkutano wa mtaa upate kuuona mchoro wake ungali karatasi, si baada ya mabati ya uzio kusimamishwa. Masharti yaandikwe katika hati yenyewe: kwamba ardhi itapangishwa kwa muda, haitauzwa vipande vipande, kwamba pango litapitiwa upya kila mahali panapopanda thamani, na ongezeko liingie katika Halmashauri, kwamba sehemu ya nyumba itapangishwa kwa watu wa mshahara wa chini, wauguzi wa Hospitali Teule, walimu, wafanyakazi wa reli, na nyumba hizo zisiweze kuuzwa kwa mtu yeyote. Mabaraza ya madiwani yana uwezo wa kudai hayo. Wanachohitaji ni matawi ya Chama yanayowauliza.

Wala ujenzi wa mchanganyiko wa Muheza haupaswi kufanana na wa Kinondoni. Msimu wa machungwa ukifika, machungwa humwagwa chini kando ya barabara, huchambuliwa juani, hupakiwa kwenye malori, na mvua ikinyesha mnunuzi hushusha bei kwa sababu anajua mkulima hana pa kuyaweka. Banda moja kubwa la umma kando ya reli, lenye paa, mizani iliyopimwa na serikali, chumba cha ubaridi, kantini ya mama lishe na ghorofa mbili za nyumba za kupanga juu yake, lingemfanya mkulima huyo aweze kusema bei hiyo siitaki, nitauza kesho.